Euler, kipofu aliyeipima nambari ya tarakimu kumi

MPAKANI Illasit, Kaunti ya Kajiado, ambako wachuuzi huvuka kwenda Tarakea na kurudi, shilingi za Kenya zikigeuzwa za Tanzania tarakimu hurefuka ghafla. Mamilioni si ajabu huko. Hata hivyo, iwapo 2,147,483,647 inagawanyika au la ni swali lisilo na faida sokoni, na aliyelijibu alikuwa mzee asiyeona.

Leonhard Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, Aprili 15, 1707. Babake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mwanahisabati Johann Bernoulli ndiye aliyemshawishi amwachie kijana hesabu zake. Mwaka 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi, na huko jicho la kulia likaharibika. Alipohudumu Berlin kuanzia 1741, Mfalme Frederick wa Pili alimkejeli kwa chongo hilo, jambo lisilomstahiki mfalme. Alirejea Urusi mwaka 1766, na punde ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamnyang'anya jicho lililosalia. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea, akaokolewa motoni.

Karibu nusu ya maandishi yake yote ni ya miaka hiyo ya giza. Alitamka, wanawe na wasaidizi wakaandika.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne alikuwa amedai mwaka 1644 kwamba nambari hiyo, ipatikanayo kwa kuzidisha 2 thelathini na moja pamoja kisha kutoa 1, ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakuthibitisha, na baadhi ya madai yake mengine yalikuja kubainika kuwa ya makosa. Euler hakuwa mtu wa kutishwa na majina makubwa: mwaka 1732 alionyesha kuwa 4,294,967,297, ambayo Pierre de Fermat aliiamini kuwa tasa, ni 641 mara 6,700,417.

Kwa njia ya kawaida angejaribu kila nambari tasa hadi 46,340, nazo zapita 4,700. Lakini aligundua kwamba kigawanyo chochote cha nambari hiyo, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Zilizosalia za kujaribu hazikufika mia moja. Zote zikaacha baki. Mwaka 1772 alimwarifu mmoja wa ukoo wa Bernoulli kwa barua: Mersenne hapo alikuwa sahihi.

Euler alifariki Septemba 18, 1783, siku ambayo alikuwa akizungumzia mzunguko wa sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu awali.

Nambari yake ilirudi na kompyuta. Mitambo inayohifadhi nambari kwa biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haiwezi kupita hapo. Ile inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 itaifikia Januari 19, 2038. Ambayo haitakuwa imerekebishwa, sekunde itakayofuata itadhani ni Desemba 1901.