Mirambo, mtemi wa magobore aliyefunga njia ya Ujiji

Mfanyabiashara wa Mutakura anayeshuka Rumonge, akavuka mpaka pale Mugina na Manyovu, kisha akapanda treni ya Kigoma kwenda Tabora, hupita stesheni ya Urambo akiwa amelala. Mwaka 1871 asingepita. Njia hiyo ilikuwa imefungwa na Mtemi Mirambo, na kufuli lake lilikuwa gobore, bunduki inayojazwa kwa mdomo wa mtutu na kutoa risasi moja tu.

Alizaliwa karibu mwaka 1840, mtoto wa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo ya Wanyamwezi magharibi ya Tabora. Jina lake lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Aliirithi Uyowa akiwa kijana, akaongeza Ulyankulu, kisha majirani wengine, mmoja mmoja. Kutoka kwa Wangoni waliokuwa wamepanda kutoka kusini alichukua mbinu za vita, na akakusanya vijana wasio na pa kwenda, wale ruga-ruga.

Silaha zilitoka mbali. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki, na zile za zamani ziliuzwa rahisi hadi Zanzibar. Kutoka pwani zilipanda bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Wakati huo Mirambo alikuwa amekwisha kufa, lakini biashara ilikuwa ileile.

Gobore si silaha ya haraka. Unamimina baruti mtutuni, unatia risasi na kitambaa, unashindilia kwa mdeki. Ikiwa ni gumegume, unaongeza baruti kidogo karibu na jiwe. Ikiwa ni ya fataki, unaivisha fataki. Ukikosa shabaha, adui mwenye mkuki ana nafasi ya kukufikia kabla hujamaliza kushindilia tena. Mvua ikinyesha, una rungu tu mkononi. Kwa hiyo mwenye magobore mengi hakuwa na kitu kama hana baruti, na kama hajui pa kujificha. Mirambo alijua mambo yote mawili.

Mwaka 1871 alisimamisha msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji. Alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana zaidi ya siku nzima, wakalipa. Alipokwisha kupokea, akawaambia warudi walikotoka. Habari hii tunaipata kwa Henry Morton Stanley, ambaye wakati ule alikuwa upande wa Waarabu, basi isomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kulipa kwenye kizuizi kisha akarudishwa atauelewa uchungu wa wenye msafara ule.

Waarabu wa Tabora wakaenda vitani, na Stanley pamoja nao. Waliteka boma la Ulyankulu, wakabeba pembe na mateka. Wakiwa njiani kurudi na mizigo, watu wa Mirambo waliinuka kutoka kwenye nyasi ndefu, wakafyatua kwa karibu, wakamalizia kwa mikuki. Mwezi huohuo wa Agosti aliishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, aliuawa, na sehemu ya mji ikachomwa.

Stanley ilimbidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji na kumkuta Livingstone. Mwezi Novemba wote wawili walipanda mtumbwi hadi kaskazini ya ziwa. Jiwe la Mugere, tunalolijua sisi wa Bujumbura, ni kumbukumbu ya safari hiyo.

Vita viliendelea kwa miaka. Sultani Barghash alituma askari bila kufaulu, na baruti ikazuiwa isimfikie mtemi. Nadhani hapo ndipo biashara yake inapoonekana wazi. Mirambo hakutaka kuua soko. Alitaka pembe zake zifike pwani bila kupita mikononi mwa madalali wa Tabora. Baada ya amani alimtumia mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, na kutafuta urafiki na konsuli John Kirk. Aprili 1876 alichanja udugu wa damu na Stanley yuleyule, na Stanley akampa bastola ya kuzungusha na risasi zake, silaha isiyohitaji mdeki.

Tusimpambe lakini. Vijiji vilichomwa, na mateka waliuzwa.

Mwaka 1879 alimkaribisha Urambo daktari mmisionari Ebenezer Southon. Mwaka 1882 daktari huyo alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya, mkono ukakatwa, naye akafa. Pigo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea mwaka 1880, pale jeshi la Mirambo lilipovamia Mpimbwe na Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, wakauawa humo. Mirambo alijitetea kwamba hakujua kuwa wamo. Kirk aligeuka, na mlango wa pwani aliouhangaikia miaka yote ukafungwa.

Alikufa kwa ugonjwa tarehe 2 Desemba 1884. Aliyemrithi, Mpandashalo, hakuweza kuishika nchi, na tawala alizoziunganisha zikaachana. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia bara, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume. Mwaka 1898 Wajerumani walimwondoa Katukamoto madarakani.

Kambi ya jeshi mjini Tabora leo inaitwa Mirambo. Na katika misitu ya magharibi ya Tanzania, mafundi wa kificho bado wanatengeneza magobore kwa mabomba ya chuma, na polisi bado wanayakamata.