Wangari Maathai na Miche ya Lang'ata

Kibera, msomaji, ni neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Waliolipa eneo hilo jina ni askari Waislamu wa asili ya Sudan, waliokalishwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Lilipotangazwa rasmi mwaka 1918 lilikuwa ekari 4,197. Msitu umekwenda, jina limebaki.

Wengi huianzia habari ya marehemu Profesa Wangari Maathai kule Nyeri, alikozaliwa tarehe 1 Aprili 1940, au katika shahada yake ya udaktari ya mwaka 1971, ya kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mimi naianzia Kibera. Mwaka 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata, jimbo lililokuwa na Kibera ndani yake, akawaahidi watu kazi. Akashinda. Mume hakuihangaikia sana ahadi ile. Mke aliiona ni deni.

Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, iwaajiri wasio na kazi kupanda miti na kutunza bustani katika mitaa ya wenye nafasi. Kitalu kilikuwa msitu wa Karura. Fedha zikapunguka, miche ikafa, na deni la Lang'ata halikulipwa.

Lakini fikira haikufa. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, ilipandwa miti saba Kamukunji, na Green Belt Movement ikazaliwa. Mabwana misitu walidai kazi hiyo yataka wasomi; kina mama wa vijijini wakaotesha miche kwa masufuria mabovu na vikopo. Kila mmoja alilipwa senti chache kwa mche ulioshika, si uliopandwa tu. Hapo pana hekima, maana katika hesabu za pato la taifa mti huingia ukishakatwa na kuuzwa. Ukisimama ukihifadhi maji, hauonekani.

Ndiyo sababu mwaka 1989 aliwaudhi wakubwa. Chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, nalo likaitwa maendeleo. Yeye aliuliza maskini wa Nairobi wasio na ua wala baraza watapumzika wapi. Bungeni alitukanwa, ofisi akafukuzwa, lakini jumba halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hata akatoka damu kichwani akiutetea Karura, kule kule kwenye kitalu chake cha kwanza. Msitu huo ungalipo.

Nishani ya Nobel ya Amani aliipata mwaka 2004, akafariki tarehe 25 Septemba 2011. Mwili wake ulichomwa, jambo lisilokuwa katika mila zetu, lakini jeneza lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwa kuwa aliusia asikatiwe mti. Majivu yamehifadhiwa Kabete, mbele ya Kawangware, katika taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake.