Bwana Zinzendorf na Neno la Kila Siku

Nikolaus Ludwig von Zinzendorf alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1700. Baba yake alifariki mtoto angali mchanga, akalelewa na bibi mzaa mama, mcha Mungu. Mwaka 1722 aliwakaribisha katika shamba lake Wakristo waliokimbia mateso huko Moravia, nao wakajenga kijiji cha Herrnhut. Lakini waligombana sana kwa ajili ya mambo ya dini, hata wakapatanishwa mwaka 1727. Bwana huyo aliona ya kuwa upatano nao wataka chakula kila siku.

Basi, jioni ya tarehe 3 Mei 1728, aliwapa wote neno moja la kulishika kesho yake. Tangu hapo kila asubuhi ndugu mmoja alipita nyumba kwa nyumba (zilikuwa 32 tu) akilipeleka neno la siku na kutazama hali ya watu. Nadhani, ndugu wasomaji, nguvu ya desturi hii ilikuwa hapo: mvivu naye alibishiwa hodi.

Kwa mwaka 1731 mafungu ya mwaka mzima yalipigwa chapa. Mwaka 1736 Zinzendorf alifukuzwa Saxony, wala kitabu hakikukoma. Alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760. Kitabu hicho hutoka kila mwaka hata leo.