John D. Hertz

John Daniel Hertz (10 Aprili 1879 – 8 Oktoba 1961) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyejipatia utajiri kwa taksi na magari ya kukodi. Yeye na mke wake Fannie walianzisha mfuko unaogharamia masomo ya uzamivu katika uhandisi na sayansi. Asichanganywe na Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani.

Maisha ya awali

Alizaliwa kwa jina la Sándor Herz katika familia ya Kiyahudi, katika sehemu ya Austria-Hungaria ambayo leo ni Slovakia. Alipokuwa na umri wa miaka mitano wazazi wake walihamia Chicago. Aliacha shule mapema, akatoroka nyumbani na kujitegemea kwa kuuza magazeti mitaani. Baadaye aliandika habari za michezo na kuwa meneja wa mabondia, kisha akaanza kuuza magari. Mwaka 1903 alimwoa Fannie Kesner.

Biashara

Mwaka 1915 Hertz alianzisha kampuni ya Yellow Cab mjini Chicago. Magari yake yalipakwa rangi ya manjano ili yaonekane kwa mbali, na nauli yake ilikuwa nafuu kuliko ilivyozoeleka. Katika miaka ya 1920 ushindani kati ya kampuni za taksi za Chicago ulikuwa mkali hata madereva wakashambuliana kwa risasi.

Mwaka 1923 alinunua biashara ya kukodisha magari iliyoanzishwa na Walter Jacobs, akaipa jina lake. Katika muongo huohuo iliuzwa kwa General Motors, lakini mwaka 1953 ilinunuliwa tena na Omnibus Corporation, kampuni aliyoiongoza Hertz.

Hertz na mke wake walifuga pia farasi wa mashindano. Farasi wao Reigh Count alishinda Kentucky Derby mwaka 1928. Mwaka 1943 Count Fleet alishinda Kentucky Derby, Preakness Stakes na Belmont Stakes, mashindano matatu makuu ya Marekani, yote katika mwaka mmoja.

Mfuko wa Fannie na John Hertz

Mwaka 1957 Hertz, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alianzisha mfuko wa kusaidia elimu ya uhandisi na sayansi tumizi. Mwanzoni ulitoa misaada kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wasio na uwezo. Mwaka 1963, baada ya Hertz kufariki, ufadhili ulielekezwa kwa wanafunzi wa uzamivu.

Nchini Marekani wanafunzi wengi wa uzamivu katika uhandisi hulipwa kutokana na fedha za utafiti za profesa wao, hivyo mara nyingi hulazimika kufanya utafiti unaogharamiwa na fedha hizo. Ufadhili wa Hertz hutolewa kwa mwanafunzi mwenyewe. Hulipia karo na posho ya kujikimu hadi miaka mitano, na mwanafunzi huwa huru zaidi kuchagua mada na msimamizi wake. Waombaji huteuliwa kwa mahojiano, na wanaopokea huahidi kuitumikia Marekani kwa ujuzi wao endapo taifa litapatwa na dharura.

Mwanafizikia Edward Teller alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa mfuko, na baadhi ya wafadhiliwa walifanya kazi katika maabara ya silaha ya Lawrence Livermore. Uhusiano huo ulikosolewa katika miaka ya 1980.

Kifo na urithi

Hertz alifariki mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 82, kabla ya mwanafunzi yeyote wa uzamivu kupata ufadhili huo. Miongoni mwa walionufaika baadaye ni John C. Mather, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2006. Jina la Hertz bado linatumiwa na kampuni ya kukodisha magari pamoja na mfuko huo.