SHAABAN ROBERT, KARANI WA MASHAIRI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Alisoma shule Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Hakwenda chuo kikuu. Alipomaliza shule aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka 1944.

Karani huandika kutwa. Lakini maneno yake ni yale yale: mizigo, ushuru, tarehe. Mtu akiandika hayo tu kwa miaka kumi na minane, lugha yake hukauka. Lugha ya Shaaban Robert haikukauka, kwa sababu alikuwa mtu wa mashairi.

Siku hizo lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Lilichapa mashairi ya wasomaji. Mshairi wa mji mmoja aliuliza jambo kwa shairi, na wa mji mwingine alimjibu kwa shairi. Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Mchezo huu si rahisi hata kidogo. Anayetaka kujibu lazima kwanza asome shairi la mwenzake kwa makini. Ahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Aangalie vina, yaani silabi za mwisho zinazolingana sauti. Ndipo ashike kalamu.

Alisoma pia mashairi ya mbali. Omar Khayyam alikuwa mshairi wa Uajemi, aliyekufa zaidi ya miaka 700 kabla yake. Shaaban Robert aliyasoma mashairi hayo kwa Kiingereza, akayageuza kuwa ya Kiswahili, beti moja baada ya nyingine. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Hakuna kusoma kunakozidi huko, maana mfasiri hawezi kuruka neno gumu.

Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Watoto walibaki bila mama. Baba akamwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, awape mafunzo ya maisha. Tenzi hizo zimo katika kitabu chake kiitwacho Maisha Yangu. Ukikisoma utaona habari inakwenda kwa maneno ya kawaida, kisha shairi linaingia. Na hata hayo maneno ya kawaida yana mwendo wa shairi. Ukitaka kuujua mwendo huo, yasome kwa sauti. Ndivyo ilivyo pia katika Kusadikika, hadithi yake ya mwaka 1951.

Shaaban Robert alifariki Juni, 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alizikwa Machui, Tanga. Utenzi wake mrefu kuliko zote, wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945, ulipigwa chapa mwaka 1967. Yeye hakuwahi kukishika kitabu hicho mkononi.