Maisha ya Garrett Morgan na Ishara Yake ya Tatu

Katika toleo hili napenda kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye fikira yake ingali inatulinda kila tunapovuka barabara mjini. Jina lake ni Garrett Augustus Morgan.

Bwana Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi, 1877, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Alikuwa mtu mweusi, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Nyumbani kwao walizaliwa watoto 11, naye alikuwa wa saba. Alisoma shule ya msingi tu, na alipopata umri wa miaka 14 akaenda kutafuta kazi katika mji wa Cincinnati. Huko alifanya kazi za mikono, na katika mshahara wake mdogo akatenga fedha za kumlipa mwalimu amfundishe. Jambo hili na litufikirishe sisi ambao wazazi wetu huuza ng'ombe na mahindi ili tusome.

Mwaka 1895 alihamia Cleveland, akawa fundi wa cherehani, na mwaka 1907 akafungua duka lake mwenyewe. Mwaka 1914 alipata hataza, yaani haki ya serikali ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya kofia ya kumwezesha mtu kupumua penye moshi. Lakini wazungu wengi hawakutaka kununua chombo cha mtu mweusi, hata ikambidi amtafute mzungu wa kujifanya ndiye mwenyewe. Tarehe 24 Julai, 1916, mlipuko ulitokea katika handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie. Waokoaji waliotangulia kuingia walikufa kwa hewa mbaya. Morgan akaitwa usiku, akaja na ndugu yake Frank, wakavaa kofia zile, wakaingia, wakawatoa watu hai na maiti pia. Hata hivyo, wakati wa kugawa sifa wengine walitangulizwa, naye akaachwa kando kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa, wala hakuacha kuwafikiria watu wa mji ule.

Miaka hiyo barabara za Cleveland zilijaa motokaa, magari ya farasi, baisikeli na watembea kwa miguu, wote wakigombea njia moja. Yeye hakuwa wa kwanza kuweka ishara barabarani. London iliweka taa ya gesi mwaka 1868, nayo ikalipuka mwezi wa Januari mwaka uliofuata. Cleveland yenyewe iliwasha taa za umeme tarehe 5 Agosti, 1914, za rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Ishara nyingi za wakati ule zilijua maneno mawili: simama, na nenda. Katikati hapakuwa na kitu. Dereva aliyekuwa bado katikati ya njia panda alikutana na mwenzake aliyeruhusiwa sasa hivi, na mtu wa miguu hakuwa na zamu yake kabisa.

Morgan akatengeneza mlingoti wenye mikono, mfano wa herufi T, uliozungushwa kwa mkono. Akaongeza ishara ya tatu, iliyowasimamisha watu wa pande zote kwa pamoja, ili njia panda iwe tupu na wa miguu wapate kuvuka. Magari yakiwa machache, kama usiku, mikono iliwekwa nusu, maana yake pita kwa uangalifu. Alipata hataza tarehe 20 Novemba, 1923. Taa za rangi tatu za njia panda hazikutoka kwake, kwani Detroit ilikwisha kuziweka mwaka 1920. Lakini fikira ni moja: baina ya zamu yangu na zamu yako pawe na kituo kidogo.

Wako wenzangu wanaouliza, ya nini kujifunza taa, na vijijini kwetu Tarime na Serengeti hakuna hata moja? Mimi nawajibu hivi. Kwanza, wengi wetu tutakwenda Mwanza na Dar es Salaam kusoma au kufanya kazi. Huko nyekundu ni kusimama nyuma ya mstari. Njano si amri ya kukimbia. Ni kusimama, isipokuwa kama umekwisha karibia mno hata kufunga breki ni hatari. Kijani ni ruhusa ya kwenda ikiwa mbele ni peupe. Mishale iliyochorwa chini humwambia dereva achague njia yake mapema, ya kupinda au ya kwenda moja kwa moja, wala asiihame penye mstari usiokatika.

Pili, taa haina mkono wa kumshika mtu. Nguvu yake yote ni utii wetu. Katika Hifadhi ya Serengeti mwendo wa gari usizidi kilomita 50 kwa saa, ingawa nyumbu hawajawahi kuwasha taa. Na katika barabara ya lami ya kutoka Tarime kwenda Sirari, malori yanapita mchana na usiku, na watoto wadogo huvuka pamoja na ng'ombe wa baba zao. Hapo ishara ya tatu ni dereva mwenyewe anayepunguza mwendo, na mchungaji anayezuia kundi kwanza, akaangalia kulia, kushoto, na kulia tena.

Kuanzia mwaka 1943 Bwana Morgan alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa macho. Alifariki tarehe 27 Julai, 1963, akiwa na umri wa miaka 86. Muhula huu ukifungwa, tutakapopanda mabasi na pikipiki kwenda makwetu, tumkumbuke. Mwendesha pikipiki akitaka kupita penye hatari ili awahi, mwambieni kwa heshima asimame kidogo. Wazazi wetu wanatungoja tufike, hawatungoji tuwahi.