Tasbihi ya Punje Mia

Sisi watu wa pwani humsifu msafiri kwa masafa aliyokwenda na maajabu aliyoyaona. Ni nadra kumsifu kwa namna alivyojitayarisha kabla hajatoka mlangoni. Leo, ndugu msomaji, nataka kumzungumza mtu ambaye matayarisho ya safari yake yalichukua miaka miwili, na kwa rai yangu miaka miwili hiyo ndiyo iliyomfanya akumbukwe.

Jina lake ni Nain Singh. Alizaliwa mwaka 1830 katika kijiji cha Milam, bonde la Johar, katika milima ya Kumaon iliyoko kaskazini ya India na kupakana na Tibet. Jamaa zake walikuwa Wabhotia, wafanyi biashara ambao toka zamani walivuka milima kila theluji ilipopungua, wakapeleka nafaka na kurudi na chumvi na sufu. Kwa hivyo lugha ya Kitibet aliijua tangu utotoni. Alipokuwa kijana alifuatana na ndugu Schlagintweit, wataalamu wa Kijerumani waliokuwa wakichunguza milima ile baina ya mwaka 1855 na 1857, na kwao akajifunza kusoma vyombo vya kupimia. Kisha akarudi kwao kusomesha watoto, na ndipo alipopata lakabu ya Pandit, yaani mwalimu.

Zama hizo Waingereza walikuwa wamekwisha kuipima India hadi chini ya Himalaya. Ng'ambo ya milima ramani yao ilikuwa nyeupe. Tibet, nchi ya malama na watu wa dini ya Buddha, ilikuwa imewafungia Wazungu mlango. Kapteni mmoja wa idara ya upimaji, Thomas Montgomerie, akaona kwamba asipopita Mzungu hupita mwenyeji. Mtu wa kwanza kumtuma alikuwa karani Mwislamu, Abdul Hamid, aliyetoka Leh mwaka 1863 akavuka milima ya Karakoram hadi Yarkand. Maskini alifia njiani mwaka 1864 akirudi, lakini karatasi zake zilipatikana. Wengi waandikapo habari hizi huanza na Nain Singh. Mimi naona si haki kumpita marehemu huyo bila ya kumtaja.

Mwaka 1863 Nain Singh na binamu yake Mani Singh wakapelekwa mji wa Dehra Dun kufundishwa. Walifundishwa nini? Kwanza kutembea! Mtu mzima, mzaliwa wa milimani, alifundishwa kutembea upya, kila hatua yake iwe sawa na nyingine, akipanda au akishuka, akiwa na nguvu au amechoka, hata hatua 2,000 zitimie kiasi cha maili moja. Kisha akapewa tasbihi. Tasbihi ya Wabuddha ina punje 108. Yake ilikuwa na punje 100. Kila hatua mia alivuta punje moja, na akizunguka tasbihi nzima alijua amekwenda hatua 10,000, yaani maili tano.

Wabuddha wa huko pia huchukua mkononi kigurudumu chenye mpini, ndani yake mna karatasi za dua, na kukizungusha kwao ni ibada. Cha Nain Singh kilikuwa na karatasi za hesabu zake. Akimwona mtu anamkaribia, alikizungusha na kujifanya amezama katika dua, maana mwenye kuomba hasumbuliwi. Kipimajoto kilifichwa ndani ya fimbo, na chombo cha kupimia nyota, kama kile watumiacho mabaharia, kilikuwa chini ya sanduku lenye matako mawili. Zebaki aliitia ndani ya kauri, akaziba kwa nta. Usiku aliimimina katika bakuli lake la mti, ikatulia kama kioo, akapima nyota juu yake. Kauri zile zile tuokotazo pwani na kuziita kete zilipanda hadi kileleni mwa dunia zikiwa na siri tumboni!

Hapa nasita kidogo. Sisi tuliokaa chuoni tukafundishwa adabu ya tasbihi hatuwezi kusoma habari hizi bila ya moyo kutuuma. Chombo cha kumtaja Mola, kwa dini yoyote iwayo, kufanywa chombo cha ujasusi si jambo jepesi. Lakini Nain Singh hakuwa mfalme wala kapteni. Alikuwa mwalimu wa kijijini aliyeajiriwa, na kichwa kilichokuwa hatarini kilikuwa chake.

Mwezi wa Januari 1865 wakatoka Dehra Dun, wakaingia Nepal. Kwenye mpaka wa Kirong wakarudishwa, na Mani Singh akashika njia nyingine. Nain Singh akabadilisha mavazi na kujaribu tena, na akatakiwa atie sahihi kwamba akienda Lhasa mwaka ule roho yake ni halali yao. Hata hivyo alipita, akaandamana na msafara wa wafanyi biashara wa Ladakh. Mjini Shigatse hakuwa na budi kuhudhuria mbele ya Lama mkuu wa pale, naye akaenda akitetemeka, maana alisikia kwamba Lama huyo husoma yaliyomo nyoyoni. Alimkuta mvulana wa miaka kama 11, akamuuliza hali ya mfalme wake, ya nchi yake, na yake mwenyewe. Basi.

Januari 1866 akaingia Lhasa, akakaa kama miezi mitatu. Fedha zikamwishia, akawa anawafundisha wafanyi biashara wa Kinepali kutia hesabu. Siku moja akamwona barabarani liwali wa Kirong, yule yule aliyemtaka ahadi ya roho. Akaona pia Mchina akikatwa kichwa hadharani kwa kuingia mjini bila ya ruhusa. Akahama nyumba, akawa hatoki ila kwa haja.

Na wakati huo ndipo alipotambuliwa. Waliomtambua walikuwa Waislamu wawili wenye asili ya Kashmir, wakaazi wa Lhasa. Walimbana hata akakiri. Neno moja lao kwa wakubwa lingetosha, na pengine lingewapa bakhshishi. Hawakulisema. Waliihifadhi siri kama amana, na zaidi ya hayo wakamkopesha fedha kwa rahani ya saa yake. Miaka miwili ya Dehra Dun ilimfundisha kila kitu isipokuwa hili.

Alipima kimo cha mji kwa kuchemsha maji. Huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 100. Lhasa, iliyoko mita 3,650 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Hesabu yake ilipungua kama mita mia tu. Aliporudi India mwaka huo alikuwa amekwenda maili 1,200 na kuhesabu hatua milioni mbili na nusu.

Mwaka 1867 akaenda tena, akafika machimbo ya dhahabu ya Thok Jalung. Pale kimo ni karibu sawa na Lenana ya Mlima Kenya, na watu waliishi katika mahema! Aliwaona wakilala kwa magoti na viwiko, mgongo juu, nguo zote zimerundikwa mgongoni, kama waliosujudu. Safari ya mwisho, 1874 hadi 1875, ilimtoa Leh hadi Lhasa na kumshusha Assam, nayo ikamwondolea afya.

Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1877, na serikali ikampa pensheni na kijiji. Ndiyo jumuiya ile ile iliyompa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza Wazungu katika bara letu, nishani ya fedha. Mwaka 1904 askari wa Kiingereza waliingia Lhasa kwa bunduki, baada ya kuua mamia ya Watibet njiani. Wakati huo nchi ile haikuwa tena nyeupe katika ramani zao.

Nain Singh alibaki Dehra Dun akifundisha vijana. Jamaa yake, Kishen Singh, aliyesafiri Tibet toka 1878 hadi 1882, alifika mahali pa wanyang'anyi ikambidi apande farasi. Akahesabu hatua za farasi.